Kuku sita wazima, wanakula, wanazunguka, ila mayai yamekata. Tatizo nini?

binti_wa_goba | Jumamosi, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za humu. Nina kuku sita uani, Goba, Dar es Salaam. Watano chotara wa miezi 14, mmoja kienyeji, na jogoo mmoja. Hadi mwisho wa Desemba nilikuwa naokota mayai manne kwa siku, siku nyingine matano. Katikati ya Januari yakaanza kushuka, na wiki hii nzima nimeokota mawili tu.

Naweka maelezo yote msije mkaniuliza mara mbili:

Chakula: zamani cha kutagia cha dukani. Tangu Mwaka Mpya ni pumba za mahindi, dagaa kidogo na ugali uliobaki. Bei ndiyo iliyonisukuma.
Maji: ya kisima, yanatoka kwenye tangi jeusi lililo juani.
Banda: mita 2 kwa 1.5, bati juu, mabanzi pande zote, wavu kidogo mlangoni.
Wanafunguliwa saa 1 asubuhi, wanarudi wenyewe magharibi.
Chanjo ya mdondo walipata Novemba. Dawa ya minyoo ni zamani.

Hawakohoi, hawaharishi, hakuna anayezubaa. Jirani anasema wamezeeka niwachinje. Miezi 14 kweli ni uzee?

---

Kiroboto | saa 2:31 usiku

Wape OTC siku tano na vitamini za mayai, watarudi. Joto hili kila mtu analia.

---

daktari_kwato | saa 3:05 usiku

Kiroboto, hapana. OTC ni kiuavijasumu, inaua bakteria. Kuku asiye na maambukizi hana bakteria wa kuuawa, kwa hiyo haiongezi yai hata moja. Inachofanya ni kuacha mabaki kwenye mayai, na mayai hayo hayaliwi siku zote za dawa pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Tena inashikana na kalsiamu ya chakula, kwa hiyo kuku anayekula chokaa hata dawa yenyewe haimwingii sawasawa. Tuiache kwa kuku mgonjwa aliyepimwa.

Dada wa Goba, miezi 14 si uzee. Chotara akianza kutaga miezi mitano na nusu hivi, anafika kileleni miezi miwili mitatu baadaye, kisha anashuka polepole. Uzee hushuka ngazi kwa ngazi, haujirushi kutoka ghorofani. Mayai yakitoka matano kwa siku hadi mawili kwa wiki, ndani ya wiki chache, kuna kitu kimebadilika.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha maswali mawili: hawatagi, au wanataga na huyaoni? Jibu liko mikononi mwako. Wakamate usiku wakiwa kwenye fito wametulia, mmoja mmoja, na wafunge uzi wa rangi tofauti mguuni ili usiwachanganye.

Mweke kuku kwapani kichwa kikitazama nyuma, yaani mkia uko mbele yako. Pande mbili za tundu la kutagia utagusa ncha za mifupa miwili ya nyonga. Pima nafasi kati yake kwa vidole vyako. Anayetaga: vidole viwili hadi vitatu vinaingia, na ncha za mifupa ni laini, zinabonyea kidogo. Aliyesimama kutaga: kidole kimoja kwa tabu, mifupa migumu. Kisha pima kutoka hapo hadi mwisho wa mfupa wa kidari. Anayetaga ana vidole vitatu, vinne au zaidi, na tumbo ni laini kama unga uliokandwa. Aliyesimama ana viwili. Ukikuta tumbo kubwa lakini gumu na zito, hayo ni mafuta, si mayai.

Halafu angalia tundu lenyewe. La mtagaji ni pana, lina unyevu, limepauka, limekaa kama yai lililolala. La aliyesimama ni dogo, duara, kavu, limejikunja. Upanga wa kichwani nao husaidia: mwekundu, umejaa, una joto ukiugusa; wa aliyesimama umesinyaa na una ukavu kama vumbi.

Kuna kipimo cha rangi ya manjano: mtagaji hupauka kwanza kwenye tundu, kisha duara la jicho, kisha mdomo kuanzia shinani, mwisho miguu. Kwetu hapa kitumie kwa tahadhari. Mahindi yetu ni meupe, hayana rangi hiyo. Kuku asiyepata majani mabichi ataonekana amepauka hata kama hajataga mwezi.

---

Mzee wa Chanika | saa 3:40 usiku

Wanafunguliwa saa 1 asubuhi. Hapo hapo pana shimo. Kuku wengi hutaga ndani ya masaa sita ya kwanza baada ya kupambazuka. Wewe unawafungulia mlango kabla ya saa ya kutaga, halafu unategemea warudi bandani kutaga. Kuku akipata kona yenye kivuli na giza kuliko boksi lako, atakwenda huko, na mwenzake akiona yai limelala pale ataongeza lake.

Wafungie hadi saa 7 mchana, siku nne mfululizo, maji na chakula ndani. Utajua ukweli bila kumuuliza mtu. Ila bandani kwako pana joto, kwa hiyo weka gunia lililoloweshwa upande wa jua na usiwaache bila maji hata dakika.

Katika siku hizo kagua boksi la kutagia. Kuku sita wanahitaji maboksi mawili, kila moja sentimita 30 kwa 35, yawe chini kuliko fito za kulalia, la sivyo watalala humo na kuyachafua. Maranda makavu unene wa vidole vinne. Pazia la gunia mbele kuleta giza. Weka yai la mbao au la plastiki ndani kuwaonyesha mahali.

Na wezi je? Dar tuna kunguru, na kunguru anajua saa ya kuku kutaga kuliko mwenye kuku. Akidonoa anaacha tundu moja na ganda uwanjani au juu ya ukuta. Nyoka anameza zima, mara nyingi haachi hata chembe. Panya anabingirisha na kuguguna pembeni. Kenge akipata njia anamaliza kiota chote. Kuku mwenyewe akila yai, utakuta maranda yamelowa na kunata, na mdomo wake una ute wa njano uliokaukia. Huyo anajifunza kwa yai lenye ganda laini lililopasuka, kwa hiyo okota mara tatu kwa siku na rekebisha ganda. Kumkata mdomo ni kumwonea.

---

Tandiko | saa 4:22 usiku

Mimi naenda kwenye chakula, maana tarehe zinajieleza zenyewe. Umebadilisha Mwaka Mpya, mayai yameporomoka katikati ya Januari. Kiini cha yai hukua kwa kasi siku nane hadi kumi kabla ya kutoka, kwa hiyo kosa la leo unaliona baada ya wiki mbili.

Tupige hesabu. Kuku anayetaga vizuri anataka gramu 17 hivi za protini kwa siku na gramu 4 za kalsiamu, akila gramu 110 hadi 120 za chakula kamili. Pumba za mahindi zina protini asilimia 10 hivi, yaani gramu 100 zinampa 10. Ugali uliopikwa ni maji mengi na wanga. Unamjaza gole na kumfukuza kwenye chakula cha maana. Kalsiamu kwenye pumba ni kama hakuna. Ganda moja linabeba gramu 2 za kalsiamu, na mwili unafyonza karibu nusu tu ya inayoliwa. Siku za mwanzo anakopa kwenye mifupa yake. Deni likizidi, mwili unafunga duka. Ndiyo maana anaonekana mzima: ameacha kutaga ili abaki mzima.

Mchanganyiko wa kilo 20, unaowatosha kuku wako sita wiki nne hivi:

mahindi yaliyobarazwa kilo 9.6
pumba za mahindi kilo 2.2
mashudu ya alizeti kilo 3.2
mashudu ya soya kilo 1.6
dagaa waliosagwa kilo 1.4
chokaa ya mifugo kilo 1.68
DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) au unga wa mifupa gramu 200
chumvi gramu 60
premiksi ya kuku wa mayai, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, gramu 60 (soma pakiti, vipimo hutofautiana)

Inakupa protini kama asilimia 16 na nusu, na kalsiamu karibu asilimia 3.8. Changanya kwanza vile vidogo (premiksi, chumvi, DCP) na kilo moja ya pumba, ndipo umwage kwenye rundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi yote.

Mambo yanayoharibu:

Chokaa ya kupaka ukuta si chokaa ya mifugo. Ile inaunguza. Omba ya mifugo kwa jina.

Dagaa wa baharini aliyeanikwa chini ana mchanga na chumvi. Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja, uone kinachobaki chini. Ukimwonja ana chumvi kali, toa zile gramu 60 zote.

Usichanganye kilo 50 kwa kuku sita. Zitakaa zaidi ya miezi miwili, na kwa unyevu wa Dar zitashika ukungu. Sumukuvu haionekani kila mara, lakini pumba zenye mabonge, harufu ya chumba kilichofungwa, au joto ukiingiza mkono katikati ya gunia, tupa. Usimpe hata bata. Gunia likae juu ya chaga, lisiguse ukuta.

Pembeni weka kopo la maganda ya chaza au kome yaliyopondwa, chembe za ukubwa wa punje ya mchele, wajichukulie wenyewe. Unga wa chokaa unapita haraka. Chembe kubwa hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, saa ambazo ganda ndiyo linatengenezwa. Maganda ya mayai pia yanafaa, ila yakaushe motoni na uyaponde hadi yasifanane na yai.

Kurudi kwenye chakula kamili fanya kwa siku sita: robo, nusu, robo tatu, kisha chote.

---

binti_wa_goba | Jumatano, saa 1:50 usiku

Asanteni sana. Nimefanya. Nimewapima usiku wa Jumapili na kuwafungia hadi saa 7 kuanzia Jumatatu.

Uzi mwekundu na wa bluu: vidole vitatu, tundu pana lina unyevu.
Kijani na mweupe: vidole viwili vya kubana, tundu kavu kidogo, upanga mwekundu ila hauna joto.
Mweusi: kidole kimoja. Shingo imebaki wazi na vitu kama miiba ya bluu vinachomoza.
Kienyeji: kidole kimoja. Hatoki kwenye kona, nikimsogelea anajitutumua na kunguruma.

Mayai: Jumatatu moja, Jumanne mawili, leo moja. Kumbe!

---

daktari_kwato | saa 2:20 usiku

Basi una visa vinne kwenye banda moja.

Mwekundu na bluu wanataga. Yao yalikuwa yanapotelea nje, Mzee wa Chanika alishasema.

Kijani na mweupe wamesimama hivi karibuni kwa lishe na joto. Hao wape wiki mbili hadi tatu baada ya chakula kukamilika.

Mweusi anapukutisha manyoya, na hiyo miiba ni manyoya mapya yaliyo bado ndani ya ala zake. Hana ugonjwa. Unyoya wenyewe karibu wote ni protini, kwa hiyo mwili hauwezi kujenga manyoya na mayai kwa wakati mmoja. Itachukua wiki 8 hadi 12. Mwongezee dagaa, usimshike sana maana ala hizo zina damu na zinauma. Hakikisha tu ni kupukutisha na si kudonolewa: anayedonolewa ana ngozi nyekundu na manyoya yaliyokatika katikati, na miiba mipya hakuna. Kagua na utitiri usiku. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na madoa mekundu, ni damu ya kuku wako iliyo ndani ya utitiri. Pulizia dawa nyufa za banda na fito, rudia baada ya siku 7 hadi 10 kwa ajili ya waliokuwa mayai.

Kienyeji anataka kuatamia. Huo ndio mzunguko wake: anataga 10 hadi 15, analala. Hutaki vifaranga? Mtoe leo leo, maana kila siku anayokaa inaongeza siku za kumrudisha. Mweke kwenye tenga au kizimba chenye sakafu ya wavu, kilichoinuliwa sentimita 40 hivi, hewa ipite chini ya tumbo. Bila maranda. Chakula na maji kama kawaida. Siku tatu au nne. Ukimwachia akarudi kwenye kona, mrudishe siku mbili tena. Kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji kunamtesa na akikauka anarudi kulala. Ataanza kutaga tena ndani ya wiki mbili tatu.

Minyoo: wape dawa sasa. Piperazini inatoa minyoo mviringo mikubwa pekee, levamisoli inagusa aina zaidi. Kipimo ni cha pakiti na siku za kutokula mayai zihesabu. Na mdondo, kama chanjo ilikuwa ya matone ya jicho aina ya I-2, hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Novemba hadi sasa imeshafika. Kuku walioponea kwenye lishe wasije wakafia hapo.

---

fundibanda | saa 2:58 usiku

Hamjagusa maji na bati.

Tangi jeusi juani: fungua bomba saa 8 mchana uweke mkono. Kuku hanywi maji ya moto, anasubiri jioni. Yai sehemu kubwa ni maji, na kuku akikosa kunywa hata masaa machache siku ya joto kali, kesho yake utaona. Kuku sita wanataka lita moja na nusu siku ya kawaida, lita tatu msimu huu. Chota maji alfajiri, yaweke kwenye mtungi wa udongo au ndoo kivulini, jaza chombo chao saa 3, saa 6 na saa 9. Kioshe kwa mikono kila siku. Utelezi wa kijani ukutani mwa chombo haupiti kwa kusuuza.

Maji ya kisima yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi ikizidi kinyesi kinakuwa majimaji na ganda linadhoofika hata kama chokaa umeweka. Changanya nusu kwa nusu na maji ya bomba au ya mvua, na upunguze chumvi ya kwenye chakula.

Banda: kuku hatoi jasho. Ukimwona ametanua mbawa na kuhema mdomo wazi, anapoza mwili kwa pumzi. Kuhema huko kunatoa hewa ya kaboni nyingi, damu inabadilika, na malighafi ya ganda inapungua. Tena anapunguza kula. Mabanzi yako yametengeneza tanuri. Bandua ya juu, acha sentimita 60 tu kutoka chini, juu yote wavu. Juu ya bati weka makuti, si kwa kuyagandamiza, acha nafasi ya kiganja hewa ipite. Ukikosa makuti paka bati chokaa nyeupe (hapa ndiyo mahali pake ile ya ukutani). Chakula wape alfajiri na saa 10 jioni. Mchana wa jua hawali, na mmeng'enyo wenyewe unaongeza joto.

---

Kiroboto | saa 3:15 usiku

Na taa je? Wazungu wanasema kuku akikosa mwanga anaacha.

---

Tandiko | saa 3:33 usiku

Huko kwao ni kweli, majira ya baridi mchana unakuwa mfupi mno. Sisi tuko karibu na ikweta. Desemba Dar tuna masaa 12 na nusu hivi, Juni 11 na dakika 40. Tofauti ni chini ya saa moja, haiwezi kusimamisha kuku, tena Januari ambapo mchana ni mrefu. Taa inaongeza mayai kwa kuku aliyeshiba, haimfufui mwenye njaa.

Akitaka baadaye: taa ya LED wati 5, rangi ya njano, iwake saa 11 alfajiri hadi kuche, na tena jioni hadi saa 1 na nusu. Anza na nusu saa, ongeza nusu saa kila wiki. Ukishaanza usiache ghafla, hapo ndipo watapukutisha manyoya wote kwa pamoja. Kama umeme wa mtaani kwenu ni wa kukatika katika, afadhali usianze kabisa.

---

binti_wa_goba | Ijumaa, saa 12:40 jioni

Nimewafuatilia mwekundu na bluu baada ya kuwafungulia saa 7. Wameelekea nyuma ya lundo la matofali, chini ya kipande cha bati. Mayai kumi na saba! Yanalika?

---

Mzee wa Chanika | saa 1:05 usiku

Usiyaoshe kwanza. Tia moja moja kwenye bakuli la maji. Linalolala chini kwa ubavu ni jipya. Linalosimama kwa ncha lakini halijaachana na sakafu ni la zamani, lipasue kwenye kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na mengine. Linaloelea tupa, na ulitupe mbali na pua yako.

Ila una jogoo, na chini ya bati mwezi huu joto linapita 28 mchana kutwa, kwa hiyo mbegu inaweza kuwa imeanza kukua. Kwa hiyo yaliyozama nayo yapime gizani kwa tochi ya simu upande wa ncha pana. Ukiona nyuzi za damu au doa jeusi, si la kula. Ukibaki na mashaka, chemsha, ponda, wape mbwa.

Liache moja pale nyuma ya matofali ukiwa umeliwekea alama ya mkaa, kwa siku mbili. Wakiendelea kutaga pale utajua boksi lako bado hawajalipenda. Wakihamia bandani, ondoa na lile bati.

---

binti_wa_goba | saa 1:22 usiku

Kumi na moja yamezama, sita yameelea. Bati nalitoa Jumapili. Kienyeji yuko kwenye tenga, ananitukana kwa lugha yake.